Barakoa ikizuia kiberiti, vumbi je?

SWALI: Habari zenu. Mi fundi seremala hapa Keko, Dar, kazi kubwa kupiga msasa, jioni nikipenga kamasi linatoka rangi ya mninga kabisa. Nimenunua barakoa ile ngumu imeandikwa N95, jamaa yangu akaniambia ivae halafu upulize njiti ya kiberiti, ikizimika ujue feki. Yangu haikuzima. Ila juzi niliipulizia spiriti nikaianika maana ilishaanza kunuka. Bado inafaa? – Fundi wa Keko

JIBU: Pole na kazi fundi. Hicho kiberiti kinapima nguvu ya pumzi zako tu, vumbi hakilijui, hata ukijiziba mdomo na mfuko wa rambo njiti haizimiki ng'o na hapo huhemi! Barakoa nzuri inapitisha hewa, vumbi ndo linabaki, kwahiyo maabara wanapima yote mawili. Wanarusha maji ya chumvi kama ukungu, yakikauka zinabaki punje ndogondogo zinaelea, hewa hiyo inavutwa ipite kwenye barakoa lita 85 kwa dakika, kama mtu anayehema kwenye kazi nzito, afu mashine inalinganisha chumvi iliyokuwepo mbele na iliyopenya nyuma. Ikinasa asilimia 95 kwenda juu imepita, ndo ile 95 unayoiona, utaratibu wa Marekani huo tangu 1995.

Sasa hapa wengi wanakosea, punje inayosumbua siyo ndogo kuliko zote. Kubwa zinajigonga kwenye nyuzi, zile ndogo mno hazitulii, zinayumbayumba hadi zinanasa, wajanja ni wa katikati, chini ya nusu mikroni (milimita moja ina mikroni elfu), na unywele wako una unene wa kama mikroni 70 hivi. Kuwakamata hao nyuzi za N95 zinachajiwa umeme kiwandani, ni kama kitana ulichosugulia nywele kinavyovuta vipande vya karatasi.

Na spiriti ndo inaua hiyo chaji fundi wangu. Kwa macho huoni tofauti, kiberiti bado hakizimi, ila kunasa kumeshuka sana. Wanaopima filta za viyoyozi wanaziweka makusudi kwenye mvuke wa spiriti waone zitabakiwa na nini chaji ikiisha.

Itupe, chukua mpya, bana kile kiwaya cha puani vizuri na ndevu nyoa. Jioni ukivua angalia ndani pembeni ya pua, ukikuta mchirizi wa vumbi la mninga ujue hewa ilipitia pembeni, kwenye filta haikupita.