Maswali ya wasomaji: Ndimu, limau na vitamini C inayopotelea jikoni

Safari hii tumechukua barua nne kutoka Arusha na Moshi. Zote zinagusa vitamini C, ndiyo maana tumezijibu pamoja.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nasoma lishe chuoni, naishi Sakina, Arusha. Tulifundishwa kwamba Waingereza walimaliza kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kwenye meli zao kwa kuwapa mabaharia limau. Kisha nikasoma kwamba baadaye watu wao waliugua tena, huku wanakunywa juisi ya ndimu kila siku. Ipi ni kweli? Na kama ndimu haifai, mbona tunaambiwa tuikamulie kwenye chakula?

JIBU: Marahaba. Yote mawili ni kweli, na aliyekuja kufumbua fumbo hilo ni mwanasayansi ambaye vitabu vingi vya shule havimtaji: Harriette Chick, wa Taasisi ya Lister, London.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku walipona upesi kuliko wenzao wote. Hata hivyo jeshi la majini lilisubiri hadi 1795 ndipo likaagiza maji ya limau yagawiwe melini. Kiseyeye kikapungua sana. Katikati ya karne ya 19 wakaacha malimau ya nchi za Mediterania, wakachukua ndimu za visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini yao. Kwao jina la ndimu lilikuwa likitumika ovyo kwa matunda yote mawili, kwa hiyo hakuna aliyeona kuna kilichobadilika. Sisi Kiswahili kimetutenganishia ndimu na limau tangu utoto.

Kosa hilo halikuonekana haraka kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Mtu alifika bandarini na kula mboga kabla mwili haujaishiwa. Lilijitokeza kwenye safari ndefu za barafu, kama msafara wa Uingereza wa kwenda Aktiki mwaka 1875, ambako watu waliugua vibaya huku wana juisi yao ya ndimu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kiseyeye kiliwashika askari kule Mesopotamia, Iraq ya leo, na hapo Chick na wenzake walipoingia kazini. Walitumia simbilisi, mnyama ambaye kama binadamu hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. (Mbuzi na panya wanajitengenezea, kwa hiyo kuwapima wao kusingeonyesha kitu.) Simbilisi walilishwa nafaka, pumba na maziwa yaliyopashwa moto mkali mpaka vitamini yake ikaisha. Kila mmoja akaongezewa kiasi kilichopimwa cha juisi, ili ijulikane ni kiasi gani kidogo kabisa kinachomkinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 1918: ndimu mbichi ilionyesha takriban robo tu ya nguvu ya limau bichi, na juisi ya ndimu iliyohifadhiwa muda mrefu ilikuwa karibu na bure.

Fikiria kwamba walipima kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Jina “vitamini C” lilikuja 1920, na kemikali yenyewe ilitambuliwa 1932.

Sasa swali lako la pili. Kwa vipimo vya leo tofauti ni ndogo kuliko ile ya simbilisi: maji ya limau yana kama miligramu 40 kwa kila mililita 100, ya ndimu kama 30. Ndimu uliyoikata sasa hivi inafaa. Iliyowaangusha mabaharia ni juisi iliyoanza na kidogo, ikakaa miezi na hewa na mwanga, na kupitishwa kwenye mabomba ya shaba, madini yanayoharakisha sana kuharibika kwa vitamini C. Kwa hiyo kamulia ndimu mezani. Ile uliyoikamua Jumatatu ukaiweka kwenye chupa ya maji dirishani, ifikapo Ijumaa usiitegemee kwa lolote zaidi ya ukali.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama lishe, napika karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Usiku nakata kabichi na sukuma wiki, naziloweka, asubuhi nachemsha, namwaga maji, nakaanga, halafu zinakaa kwenye moto mdogo mpaka saa nane mchana. Makande na maharage natia magadi yaive haraka. Mteja mmoja ameniambia hapo hakuna vitamini iliyobaki. Ni kweli?

JIBU: Mama, pole na kazi. Mteja amekaza maneno, maana mboga zako bado zina madini na vitamini A, lakini kwa vitamini C amekaribia ukweli. Kila hatua uliyoitaja inaiondoa kwa njia yake.

Kisu kinapopasua jani, kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilichomo ndani, kinakutana na hewa na kuanza kuila vitamini C. Kuloweka kunaitoa kwenye sehemu zilizokatwa kuingia majini. Kumwaga maji ya kuchemshia kunaitupa mtaroni. Kubaki kwenye moto mdogo kunaimalizia. Na magadi ni adui mkubwa kuliko wote: vitamini C ni tindikali, hutulia kwenye uchachu na huvunjika haraka palipo na magadi.

Mwenzake Chick katika taasisi ileile, Marion Delf, alichunguza hasa kabichi na joto. Alikuta kwamba muda jikoni unaharibu kuliko ukali wa moto: kabichi iliyokaa muda mrefu kwenye joto la wastani ilipoteza kwa wingi, na haikuwa nafuu kuliko iliyochemshwa kwa nguvu muda mfupi. Leo tunajua kimojawapo cha visababishi. Kile kimeng'enya hufanya kazi vizuri kwenye vuguvugu, na hufa upesi kwenye maji yanayotokota.

Basi fanya hivi. Usiku osha majani yakiwa mazima, yakung'ute, yafunike kwa kitambaa kibichi mahali penye ubaridi. Asubuhi usiyakate yote. Kata ya sufuria moja. Kwa kilo moja ya mboga weka nusu kikombe cha maji, ngoja yatokote kabisa, ndipo utie mboga na kufunika. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba inatosha dakika nne au tano, kabichi hivyohivyo. Kitunguu, nyanya na mafuta vikaangwe pembeni, uchanganye mwishoni, na yale maji machache yaliyobaki yaache humo humo. Ikiisha, kata nyingine. Ni usumbufu, tunajua, hasa saa saba foleni ikiwa ndefu. Ukishindwa kupika mara tatu, pika mara mbili.

Wanaokuambia mboga isiive kabisa usiwafuate kwa kisamvu. Kisamvu kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Acha vitamini C yake iende, wateja wataipata kwenye kachumbari. Ikate karibu na muda wa kula: nyanya, kabichi, na hasa pilipili hoho, ambayo gramu 100 za ile ya kijani zina kama miligramu 80. Ikamulie ndimu mara tu unapoikata, kwa kuwa uchachu unapunguza mwendo wa kuharibika.

Kwenye mboga usitie magadi kabisa. Kwa makande, loweka mahindi na maharage saa 12, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Maharage makavu hayana vitamini C ya kutajwa, lakini yana madini ya chuma ambayo mwili huyanyonya kwa shida, na vitamini C ikiliwa kwenye mlo uleule huyabadili yapite kwa urahisi zaidi. Kachumbari na makande ni ndoa nzuri. Chai ya rangi inaivunja ndoa hiyo, hivyo mshauri mjamzito na mwenye upungufu wa damu aisogeze mbele saa moja baada ya kula.

SWALI: Nipo Njiro. Kila nikihisi mafua nanunua vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000, namumunya viwili kwa siku. Vinanisaidia?

JIBU: Kwa kuanza baada ya mafua kukushika, majaribio hayajaonyesha faida ya uhakika. Wanaoitumia kila siku, wawe wagonjwa au wazima, wanaugua mara zilezile, ila mafua yao hufupika kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima. Mafua ya siku saba yanapungua kwa nusu siku. Waliopata kinga ya kweli ni watu wa mazoezi makali kama wakimbiaji wa marathoni. Kwao hatari ilishuka kwa karibu nusu.

Mwili hunyonya miligramu 200 karibu zote. Ukimeza 1,000 na zaidi, sehemu kubwa inapita tu. Miligramu 2,000 kwa siku ndiyo mwisho unaoshauriwa, nawe umeshaufikia. Kuhara ni dalili ya kwanza ya kuzidisha, na mwenye historia ya mawe ya figo asiviguse bila daktari. WHO na FAO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula, wanapendekeza miligramu 45 kwa mtu mzima kwa siku. Pera moja la gramu 50 lina zaidi ya mara mbili ya hizo. Hapo Arusha mapera yanaoza chini ya miti huku tukipanga foleni famasi, na hilo linatuuma.

SWALI: Naandika kutoka Kiboriloni, Moshi. Nimesikia choroko zikioteshwa zinapata vitamini C. Naoteshaje?

JIBU: Ni kweli, na Chick naye aliifanyia kazi. Mbegu kavu haina kitu cha maana, lakini ikianza kuota inajitengenezea. Vitani daktari mmoja wa Kiingereza aliwapa askari wa Kiserbia wenye kiseyeye maharage yaliyooteshwa, wengine akawapa maji ya limau, na maharage hayakushindwa.

Chukua choroko gramu 250 za kula. Usinunue mbegu za kupandia za duka la pembejeo, hasa zenye rangi ya waridi au kijani: zimetiwa dawa, ni sumu. Pepeta, toa zilizovunjika, osha, loweka kwenye maji safi saa 12. Mwaga maji, tandaza kwenye ungo au chujio safi kwa unene usiozidi sentimita 5, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini. Suuza asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kila mara acha yachuruzike yote. Baada ya saa 48 utaona mikia ya sentimita moja au mbili; ziko tayari. Mwezi Juni na Julai baridi inaweza kukuongezea siku nzima.

Zikinuka uchachu au zikiteleza mkononi, maji yalibaki chini. Zitupe, usijaribu kuziosha. Mikia ikikauka na kuwa kahawia, kitambaa kilikauka.

Usizile mbichi, kwa sababu unyevu huohuo unaozikuza unakuza na vijidudu. Zitie kwenye maji yanayotokota dakika tatu, uzile siku hiyohiyo. Ukipenda kuotesha maharage mekundu, hayo dakika tatu hazitoshi: yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, yakiwa mabichi yanatapisha na kuharisha. Tungekushauri ubaki na choroko.