Adabu za Uwanja wa Gofu kwa Anayeanza Kucheza Malindi

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kuamkia kila tunayemkuta, na kijana anayempita mzee bila shikamoo huonekana hakufunzwa kwao. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza ya kubeba mfuko wa fimbo hapa Malindi, nilipomwona mzee wa mtaani kwetu amesimama mbele ya mpira wake, nilimwamkia kwa sauti ya furaha ilhali fimbo ilikuwa imekwisha kupanda hewani. Mpira ukaishia vichakani. Mzee aliitikia marahaba kwa upole, kisha akanieleza kwamba uwanjani salamu husubiri mpira uondoke.

Basi mwenzako akishajipanga kupiga, nyamaza, tulia mahali pamoja, na simu yako iwe haitoi mlio. Kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, usikanyage njia ambayo mpira wake utapita, na jua la alasiri likishaanza kuinama, angalia kivuli chako kisilale juu ya njia hiyo.

Wageni wengi hudhani kwamba ustaarabu ni kwenda taratibu, kumbe kuwachelewesha walio nyuma ndiko kunakoudhi zaidi. Sheria zilizoanza kutumika mwaka 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira uliopotea kutoka dakika 5 hadi 3, na zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 zamu yake inapofika na hakuna kinachomzuia. Kundi la nyuma likiwa na kasi kuliko lenu, lipisheni. Nanyi mkitaka kupita, ombeni kama mnavyopiga hodi mlangoni, wala msipige mipira karibu na miguu ya watu ili wasogee.

Upepo wa kusi ukivuma, mpira uliopigwa vizuri huweza kupinda hadi walipo wachezaji wa shimo jingine, yaani sehemu nyingine ya uwanja, au mfanyakazi anayekata nyasi. Piga kelele "Foo!", yaani jihadharini, papo hapo, hata kama huna hakika kwamba utamfikia mtu. Nimewaona waungwana wakinyamaza kwa kuona haya, nami sielewi haya ya namna hiyo.

Lakini kinachonionyesha tabia ya mtu ni mchanga. Ukiingia kwenye banka, yaani shimo la mchanga uwanjani, ingia upande wa chini ulio karibu na mpira, na ukishapiga, chukua reki usawazishe nyayo zako pamoja na shimo lililoachwa na fimbo, kwa sababu mpira wa anayekufuata unaweza kutua humo humo. Pande la nyasi ulilolichimbua lirudishe mahali pake na ulikanyage, au ujaze mchanga pale. Katika kiangazi cha kaskazi kidonda cha nyasi hukawia kupona. Alama iliyoachwa na mpira uliodondoka kwenye grini itengeneze kwa kuvuta nyasi za pembeni kuelekea katikati, wala usiinue udongo kutoka chini. Kedi, yaani anayekubebea mfuko wa fimbo, atakusaidia, ila usimwachie kazi hiyo yote, wala usimlaumu kwa pigo ulilokosea mwenyewe.

Mkimaliza shimo la mwisho, vueni kofia, peaneni mikono, kisha ondokeni kwenye grini kabla ya kujaza kadi za alama, kwani kuna watu wanaosubiri kupiga.