Wasomaji Wanauliza: Uji Kila Asubuhi

Barua za toleo hili kutoka Moshi na Arusha karibu zote zinahusu uji. Tunaanza na swali linaloulizwa na wengi.

SWALI: Niliacha chai na maandazi, siku hizi ni uji wa ulezi kila asubuhi kabla ya kwenda saiti. Nakunywa kikombe kikubwa, lakini ikifika saa nne njaa inauma kuliko zamani. Nakosea wapi? (Fundi ujenzi, Pasua, Moshi)

JIBU: Pole na kazi, fundi. Ulezi umechagua vizuri. Una kalsiamu inayozidi miligramu 300 kwa kila gramu 100, na mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Shida ni kwamba kikombe chako kimejaa maji. Uji mwepesi hupikwa kwa takriban gramu 80 za unga, yaani vijiko saba au nane vya chakula vilivyojaa, kwa lita moja ya maji. Kikombe cha mililita 300 kinabeba gramu 24 tu za unga, na hizo ni kilokalori 85 hivi. Andazi moja la kawaida linazidi hapo. Mtu anayebeba zege hawezi kufika saa saba mchana kwa chakula hicho.

Fika gramu 120 za unga kwa lita, uji uwe mzito wa kunywa polepole. Halafu tia vitu vyenye protini na mafuta, maana ndivyo vinavyokaa tumboni. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa kinaongeza karibu kilokalori 95 na gramu 4 za protini. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8 hivi za protini. Yai la kuchemsha pembeni linafaa pia. Wengi wakiona uji haushibishi hukimbilia sukari, na hapo hawapati kitu: kijiko cha chai cha sukari ni kilokalori 16 na hakina protini wala madini ya maana.

Ukipenda uji wa maziwa, usiyatie tangu mwanzo. Unga uive kwanza kwa maji, maziwa yaingie zikibaki dakika tano. Yakitangulia, yanashika chini ya sufuria na kuungua wakati unga bado mbichi.

SWALI: Nasagisha unga wa lishe wa vitu kumi: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa. Wanangu wawili wakiunywa wanaharisha, na baada ya wiki tatu unga unatoa harufu. Jirani ananishauri niongeze vitu vingine. (Mama wa watoto watatu, Sakina, Arusha)

JIBU: Mama, usiongeze kitu. Punguza. Mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi na uwele vyote ni wanga, na kuvirundika sita badala ya viwili hakumpi mtoto kitu kikubwa asichokuwa nacho. Kinachobadilisha uji ni kuchanganya nafaka na jamii ya kunde au karanga kwa uwiano mzuri. Kilo mbili za ulezi na kilo moja ya mahindi yasiyokobolewa, pamoja na kilo moja ya soya iliyotayarishwa, zinatosha kabisa.

Neno la kuangalia hapo ni «iliyotayarishwa». Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, na watoto wengi huumwa tumbo kwa sababu hiyo. Kuianika juani tu na kuipeleka mashineni hakusaidii. Ichambue, itie kwenye maji yanayotokota na uiache ichemke dakika 20 hadi 30, mwaga maji, isugue maganda yatoke, ianike ikauke kabisa, kisha ikaange kwa moto mdogo mpaka ipate rangi ya hudhurungi na harufu yake ya umajani iishe. Ukiivunja punje katikati ndani kuwe kukavu na rangi iwe moja.

Hiyo harufu ya wiki ya tatu inatokana na mafuta ya karanga, mbegu za maboga na dagaa. Yakisagwa yanakutana na hewa na kuchacha. Viondoe kwenye unga. Karanga zisagwe peke yake kidogokidogo na zitiwe kwenye uji jikoni. Dagaa wapikwe mboga. Unga wenyewe saga wa mwezi mmoja, usizidishe, kwa sababu dona nalo lina kiini chenye mafuta.

Karanga na mahindi tunavitilia mkazo kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Njia iliyopo nyumbani ni kuchambua kwa mkono kabla ya kwenda mashineni: karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu au yenye ukungu, tupa. Usiwape kuku. Karanga zilizokwisha kusagwa sokoni hukuona zilikuwaje, kwa hiyo ni salama zaidi ununue punje.

Kama kuharisha hakuishi baada ya kuacha unga huo, au kuna damu au homa, mpeleke mtoto zahanati na usisubiri.

SWALI: Mwanangu ana miezi minane. Uji mwepesi anakunywa lakini haongezeki uzito. Mzito anaukataa. Bibi yake anasema nitie kimea. Si kitamlevya? (Dada wa Rau, Moshi)

JIBU: Bibi yuko sahihi, na hakuna pombe hapo. Kimea ni ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Mbege hulevya kwa sababu imeachwa ikachachuka pamoja na ndizi. Unga wa kimea ukiwa mkavu hauna kileo.

Kazi yake ni kukata wanga. Uji mzito uliotiwa kimea unalainika ukawa wa kunyweka, lakini unga uliomo unabaki uleule, kwa hiyo mtoto anapata chakula kingi kwenye kijiko kidogo. Pika uji mzito usiodondoka kwenye kijiko. Epua, uache upoe mpaka uwe wa moto lakini usiotokota. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kikombe cha uji, koroga. Ndani ya dakika chache utauona unateleza. Urudishe motoni uchemke tena kidogo ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea, kisha umpe. Wanaolalamika kwamba kimea hakifanyi kazi huwa wamekitia uji ukiwa unatokota. Joto kali linaua kile kinachokata wanga.

Ukiotesha mwenyewe, loweka ulezi uliooshwa usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka vimea vifike nusu sentimita, anika, pekecha mizizi itoke, saga. Ukiona ukungu wowote, tupa wote. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka mmoja. Na kama uzito haupandi kwa miezi miwili mfululizo kwenye kadi ya kliniki, mweleze muuguzi. Huenda sababu si uji.

SWALI: Nina miaka 71 na kisukari. Nimeambiwa ulezi hauna sukari, hivyo ninywe nitakavyo. Ni kweli? (Mwalimu mstaafu, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Si kweli. Ulezi ni wanga kama mahindi, na wanga hugeuka sukari mwilini. Tena ukisagwa laini na kupikwa mwepesi unapita haraka kuliko kande la punje nzima. Unaweza kuunywa, ila kwa kipimo: kikombe kimoja, unga usiokobolewa, bila sukari wala asali, pamoja na yai au maharage. Ndizi mbivu iliyopondwa ndani nayo ni sukari.

Kama una kipimo nyumbani, pima kabla ya kunywa na saa mbili baada ya kuanza. Fanya hivyo siku ya uji mtupu, kisha siku ya uji na yai, uandike zote mbili na uende nazo kliniki. Dawa usibadilishe mwenyewe.

SWALI: Maji yetu yana madini yanayoharibu meno. Nikiyachemsha sana kwenye uji, yanapungua? (Mzazi, Maji ya Chai)

JIBU: Hapana, yanaongezeka. Madini hayo ni floraidi, nayo haipai na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki kwenye maji machache. Maeneo mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana tatizo hili kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya upande huo vinapita hapo kwa mbali.

Uji ni zaidi ya sehemu nane kati ya kumi maji, kwa hiyo mtoto anayenywa vikombe viwili kila asubuhi anakunywa maji hayo kwa wingi. Anayehitaji kulindwa kwanza ni mwenye umri chini ya miaka minane, maana meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Maji ya mvua yatumike kwa kunywa na kupikia chakula chake. Ya kisima yabaki ya kufulia na kuoshea. Mvua ya kwanza iache ioshe bati kabla ya kukinga. Chujio za mkaa wa mifupa, ambazo kituo cha Ngurdoto kimezifanyia kazi miaka mingi, hupunguza floraidi, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Chujio la kawaida la mchanga au kitambaa haliigusi kabisa. Na magadi ya kulainishia maharage yaacheni kwenye chakula cha mtoto, kwani nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

SWALI: Ni mjamzito, kliniki wamesema damu imepungua. Uji wa ulezi utanitosha? (Kibosho)

JIBU: Hautoshi peke yake, endelea na vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa. Uji ukishaepuliwa, kamulia nusu limao au tia unga wa ubuyu, maana vitamini C husaidia mwili kunyonya chuma na moto huiharibu. Chai iwe saa moja mbali na mlo, na maziwa yahamishie jioni.

SWALI: Uji wangu una mabonge, una ladha ya unga mbichi, na ukikaa unakuwa majimaji. (Njiro, Arusha)

JIBU: Mabonge yanakuja ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto, uvuruge kwanza kwa maji baridi, kisha umimine huku unakoroga. Ladha ya ubichi ni muda. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dona lipe dakika 25 tangu lianze kutokota, ulezi 20. Kuwa majimaji mara nyingi husababishwa na kijiko cha kuonjea kinachorudishwa sufuriani, kwa sababu mate hukata wanga kama kimea. Onja kwa kijiko kingine. Utakaobaki utie kwenye chupa ya chai ukiwa bado unatokota, na wenye maziwa umalizike asubuhi hiyohiyo.