Miche ya nyanya inalala kitaluni: usiongeze maji

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Niko Ilula, Iringa. Nilisia nyanya, zikaota vizuri ndani ya wiki moja. Sasa kila nikiamka nakuta miche mingine imelala, na duara la miche iliyolala linazidi kupanuka. Namwagilia asubuhi na jioni, tena kwa wingi, lakini haiinuki. Jirani anasema ni sota, yule kiwavi anayekata miche, nipige dawa ya wadudu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kabla hujanunua dawa, ng'oa mche mmoja ulioanguka, utazame pale shina linapogusana na udongo. Sota hukata: utaona jeraha la wazi, na ukifukua pembeni utamkuta amejikunja. Lakini shina likiwa limesinyaa kama uzi, la kahawia, na ukiliminya ni teketeke, hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la miche michanga. Hilo duara linalopanuka linanifanya niamini ni kinyausi. Dawa ya wadudu haikigusi, maana kinaletwa na vimelea vya ukungu vilivyo udongoni.

Hapa ndipo panaponiuma kila msimu. Mche unalegea, mkulima anadhani una kiu, anaongeza maji. Kumbe maji yapo tele, ila shina limeoza na hayapandi tena. Kila keni ya maji unayoongeza inawalisha vimelea. Wengine, kama pithiamu, huogelea kwenye udongo uliolowa hadi kwenye mche wa jirani.

Kwa hiyo leo usimwagilie. Toa miche iliyolala pamoja na udongo unaoizunguka, ukaitupe mbali na kitalu. Palipobanana, punguza miche ili hewa ipite. Kama nyasi ulizotandaza bado zipo, ziondoe, na kichanja cha kivuli juu ya kitalu ukipunguze majani jua liingie. Kuanzia kesho, kabla ya kushika keni, zamisha kidole udongoni hadi pingili ya kwanza. Ukikuta unyevu, acha. Pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi, ili jioni majani na uso wa udongo viwe vimekauka. Maji ya jioni yaache kabisa.

Miche mizima unaweza kuikinga kwa dawa ya ukungu yenye metalaksili na mankozebu, kwa kipimo cha kwenye lebo. Iliyooza haitapona. Itakayovuka wiki mbili tatu za mwanzo shina lake hukomaa, na kinyausi hakiiwezi kirahisi.

Kitalu kijacho kihamishe. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, weka samadi iliyoiva vizuri, na usimwage mbegu ovyo: sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15. Ukiwa na muda, kwanza lowanisha tuta, ulifunike kwa nailoni angavu juani wiki nne hadi sita. Joto litaua vimelea vingi.

Siku ya kuhamisha, miche iliyokuwa kandokando ya duara usiipeleke shambani, hata ikionekana imenawiri.