Fundi Auliza: Mtungi wa Asetilini Mbona Hauishi Uzito?

*Nina karakana ya mageti. Mtungi wa asetilini (gesi ya kuchomelea chuma) ukiisha bado unanilemea karibu sawa na siku nilipouleta, nahisi napunjwa. Tena naambiwa geji ya upande wa tochi ya kuchomelea isipite psi 15 za shinikizo. Kwa nini?* (Msomaji, Morogoro)

Maswali yako mawili yana jibu moja. Mtungi wa asetilini hauko wazi ndani kama wa oksijeni. Umejazwa kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno, mfano wa jiwe la kusugulia miguu, na vitundu hivyo vimelowa kimiminika kiitwacho asetoni. Gesi imeyeyuka humo kama gesi ya soda ndani ya chupa. Unachobeba zaidi ni chuma, jiwe na asetoni. Gesi yenyewe katika mtungi mkubwa ni kilo 6 au 7 hivi. Kujua kama umepunjwa, usitegemee geji, maana hupanda na kushuka kwa joto la siku. Pima mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliochapwa kwenye shingo yake.

Taabu yote hiyo ni kwa sababu asetilini haingoji hewa ndipo ilipuke. Gesi ya kupikia bila oksijeni haiwaki. Asetilini ina kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu. Vikikatika, gesi hujivunja yenyewe ikawa masizi na hidrojeni, na joto kali hutoka. Ikiwa huru na shinikizo limepita psi 15 (karibu bar 1), joto au mshtuko huweza kuanzisha balaa hilo, na shinikizo likaruka mara kumi kwa kufumba na kufumbua. Mtungini inavumilia bar 15 kwa kuwa vitundu havimpi moto nafasi ya kukimbia. Ikishapita regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi), haina ulinzi huo tena. Gustaf Dalén wa Uswidi, aliyepewa Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa kazi yake ya taa za minara ya baharini zilizowashwa kwa gesi hii, alipofushwa na mlipuko wa asetilini mwaka huohuo.

Moto wa tochi ukiwa dhaifu, zibua ncha au weka kubwa zaidi. Usikaze regyuleta.

*Mtungi uliosafirishwa umelazwa kwenye pikapu naweza kuutumia papo hapo?* (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Asetoni imesogea kwenye vali na utaivuta pamoja na gesi. Italainisha mipira ya kupitishia gesi na kula sili (vizuia uvujaji) za regyuleta. Usimamishe mtungi, ufunge kwa mnyororo, uache utulie usiku kucha. Asetoni hutoka pia ukivuta gesi kwa pupa: kwa saa moja usizidishe sehemu moja ya kumi ya gesi iliyomo. Mtungi wa kilo 6 hukupa kama lita 550 kwa saa, na tochi kubwa ya kupashia chuma hunywa zaidi ya hapo. Hiyo inataka mitungi miwili iliyounganishwa. Vali ifungue mzunguko mmoja tu, na spana yake ibaki palepale.

*Mpira ulipasuka nikauunga kwa kipande cha paipu ya shaba ya friji. Kuna ubaya?* (Msomaji, Kahama)

Upo, tena mkubwa. Asetilini ikikaa na shaba tupu hutengeneza asetilidi ya shaba, ambayo ikikauka hulipuka kwa kusuguliwa tu. Kwa hiyo usikichomoe kwa kukizungusha. Funga vali, toa gesi yote mpirani, lowanisha kiungo kwa maji, kisha kata mpira pande zote mbili na utupe kipande kizima. Viungo vya brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) vinavyouzwa kwa kazi hii havina neno, kwa kuwa shaba yake haizidi asilimia 70. Ukimaliza kuunga, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Wanaotafuta kwa kiberiti bado wapo, ajabu kweli.

*Tochi ililia "pa!", moto ukarudi ndani, na baada ya dakika chache mtungi ukawa vuguvugu. Nifanye nini ikitokea tena?* (Msomaji, Mombasa)

Uvuguvugu huo ni dalili kwamba gesi imeanza kujivunja ndani, na huendelea hata kama nje hakuna moto. Funga vali kama unaifikia bila hatari, toa watu wote, piga simu zimamoto (Tanzania 114, Kenya 999). Maji yapigwe kutoka mbali, nyuma ya ukuta. Mtungi usisogezwe, wala vali isifunguliwe ili "kupunguza gesi".

Kwa siku zijazo funga kizuia moto kurudi kwenye kila regyuleta, ya asetilini na ya oksijeni, na vali ya njia moja kwenye mpini wa tochi. Mipira iliyopitiwa na moto uliorudi itupe: ndani ina masizi na imeungua, hata kama nje inang'aa.