Jibu: Karura si ya kaunti
Ndugu, umeuliza nani hupanga maeneo ya kupumzikia Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti bustani na mipango ya ardhi. Uhuru Park imo humo. Karura ni msitu wa umma chini ya KFS (shirika la serikali kuu la misitu), ikishirikiana na kikundi cha jamii cha Friends of Karura. Ukipeleka malalamiko yake City Hall, makao ya kaunti, utazungushwa tu.

Ukiona mabati yamezungushiwa uwanja wa mtaa, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulizie kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaruhusu wananchi kupinga kibali hicho, ila muda ni mfupi, kwa hiyo pinga kwa maandishi, upigiwe muhuri nakala yako. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alilipinga jengo refu lililopangwa kujengwa Uhuru Park kwa barua pia.