Maswali na Majibu: Baiolojia kwa Anayetaka Udaktari

Nimemaliza kidato cha nne. Nisome shahada ya baiolojia kwanza ndipo niombe udaktari? (Likoni)

Swali hili huja kila matokeo ya KCSE yakitangazwa, na jibu ni lile lile: hapana. Kenya udaktari husomwa moja kwa moja baada ya kidato cha nne, miaka 6, na nafasi huombwa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni. Hutazamwa baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kutanguliza shahada nyingine ni utaratibu wa Marekani na Canada. Atakayekuuzia shahada ya miaka 4 kuwa ndiyo ngazi ya kupandia udaktari hapa nchini, mwambie alete maandishi ya chuo cha udaktari chenyewe kabla hujalipa hata shilingi.

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza chuo cha Marekani, ataka udaktari. Achukue masomo gani ya baiolojia? (Mama, Kisauni)

Mama, mpango wake utafuata kemia. Mwaka wa kwanza asome baiolojia ya jumla mihula miwili, pamoja na maabara yake, sambamba na kemia ya jumla. Mwaka wa pili kemia ogani, na upande wa baiolojia achukue jenetiki au baiolojia ya seli. Biokemia ije baada ya hapo. Wengi huiwahisha, na bila kemia ogani mwanafunzi hukariri mzunguko wa Krebs (hatua ambazo seli hupitia kuvuna nishati) asiuelewe. Mtihani ukipita, umemtoka. Fizikia na takwimu nazo zipate nafasi. Akibaki na uhuru wa kuchagua, fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) kwanza, kisha imunolojia (kinga ya mwili) au mikrobiolojia (vijidudu).

Asisajili masomo zaidi ya mawili yenye maabara kwa muhula. Kipindi kimoja cha maabara hula saa 3 au 4 kwa wiki, na ripoti zake hurundikana karibu na mitihani.

Haya yote yaelekea MCAT, mtihani wa kuombea udaktari Marekani. Sehemu yake ya baiolojia ina maswali 59, na takribani robo ni biokemia. Saikolojia na sosholojia zina sehemu yao kamili. Wanasayansi huzidharau, zikawaangusha.

Hukuuliza hili, lakini ni zito: shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wanafunzi wa kigeni. Aandike sasa orodha ya zinazopokea, asingoje mwaka wa nne.

Anatomia au fiziolojia?

Fiziolojia. Anatomia (maumbile ya mwili) utafundishwa upya, mwili mzima, ukishaingia udaktari.

Lazima shahada iwe ya baiolojia?

La, mradi masomo yanayotakiwa yamo.

Nilipata D katika kemia ogani. Nikirudia, itafutika?

Haifutiki. AMCAS, mfumo unaotumiwa na shule nyingi za Marekani kupokea maombi, huhesabu alama zote mbili kwenye wastani, hata kama chuo chako kimeificha ya kwanza. Rudia hata hivyo, maana shule nyingi hazikubali chini ya C katika somo la lazima. Ila tafuta kwanza kilichokuangusha. Mara nyingi ni kukariri mmenyuko mmoja mmoja badala ya kufuata elektroni zinatoka wapi, zinakwenda wapi. Chora mishale ya safari hiyo kwa mkono kila siku. Na siku nyingine ukiona mambo yameharibika mapema, jiondoe kwenye somo kabla tarehe ya mwisho haijapita: W, alama ya aliyejiondoa, haiingii kwenye wastani, D inaingia.